Kabla Ujishaue na Switch 2, Cheki Soketi

Buda, tuanze na bei, juu hapo ndio wasee wengi hukaangwa. Nintendo waliachilia Switch 2 tarehe 5 Juni 2025. Marekani ilitoka na dola 449.99. Msee wa mtaa akaiona YouTube, akafungua calculator ya simu, akapiga mara 129, akapata kitu 58,000. Akatupa kwa group: "Wasee, ni fifty-eight tu!" Hiyo "tu" ndio ngori. Fifty-eight ni bei ya msee anaishi huko, anatoka keja na slippers, anaingia duka, anasepa nayo. Na hata yeye kwa till anaongezewa sales tax. Wewe uko Umoja, fala wangu. Kati yako na hiyo box kuna bahari, ndege, KRA, na jamaa wa Luthuli mwenye ameshaona vile macho yako inang'aa.

Lakini enyewe, ni haki yako kutetemeka. Hii kitu ni moto. Skrini ya inchi 7.9, 1080p, 120Hz, HDR. Ukiishika baada ya kuzoea Switch ya 2017 unajua hapa watu walifanya kazi. Joy-Con zinashika na sumaku, tap! Sio ile ya kuteleza na reli kama drawer ya kabati. Japani, watu milioni 2.2 waliingia bahati nasibu ya duka ya Nintendo yenyewe wakitafuta tu chance ya kununua. Kununua, si kupewa! Marekani nao pre-order ilikuwa ianze 9 Aprili, Trump akarusha tariff zake, Nintendo wakasukuma hadi 24 Aprili. Na bado siku nne za kwanza zilienda zaidi ya milioni 3.5 dunia nzima. Kwa hivyo usiniambie ni hype ya watoto. Hiyo ni line ya wazae.

Wazae nao, wacha niwagonge mapema nimalizane nao. Kuna uncle kila familia mwenye huita kila kitu "ka-game". PS5 ni ka-game. Switch 2 ni ka-game. Kwake game iliisha na ile brick game ya 9999 in 1, ya battery mbili za tochi, na alikuwa anacheza tetris pekee, hizo 9998 zingine hajui ziliendanga wapi. Huyo akikuuliza hiyo ka-game ni pesa ngapi, mwambie umeazima. Akisikia ni soo thao atakuitia kikao cha ukoo.

Eeh, nimesema soo thao. Tulia tupige hesabu pole pole, juu hii ndio sehemu hakuna influencer hukuonyesha.

Chukua ile bundle ya Mario Kart World. Ilitoka na dola 499.99, hapo ni kitu 64,500. Weka usafiri na insurance, sema imefika 70,000. Hiyo ndio inaitwa CIF, na hapo ndio KRA huanzia, sio kwa bei ya sticker. Console za game ziko kwa code 9504.50, na bidhaa zimekam zikiwa tayari hivi hupigwa ushuru wa East Africa wa 25%. Hapo umeacha 17,500. Sasa 70,000 na 17,500 ni 87,500, na VAT ya 16% inapigwa juu ya hiyo jumla yote. Umeona hiyo chenga? Kodi imekalia kodi. 14,000 imeenda. Kuna IDF, ile ada ya kudeclare mzigo, ya 2.5%, 1,750. Alafu kuna Railway Development Levy ya 2%, 1,400, na pengine hujawahi hata panda SGR. Jumlisha: 34,650 ni ya serikali. Console yako imesimama 104,650, na bado hujanunua game ya pili, bado hujanunua cover, bado haujachaji.

Ndio maana naskianga uchungu nikiona msee anatukana muuzaji wa stall eti "huyu ni mwizi, online ni 58". Wengine ni wezi, sawa. Wiki za kwanza bei za town zilikuwa za kukosea watu heshima, mpaka msee anakutajia namba bila kukuangalia usoni. Lakini muuzaji mwenye amelipa kila kitu vile inafaa hawezi kukuuzia 70. Akikuuzia 70, jiulize ilipitia wapi.

Stall ndio njia ya kwanza. Ya pili ni zile kampuni za kukupatia address ya Marekani. Unanunua, inashukia kwao, wanaifunga na mizigo ya wengine, wanaileta. Hapo kuna ujanja wa kujua. Kuna wenye huweka godown Delaware, na Delaware haina sales tax, so bei unayoona ndio bei unalipa. Safi. Lakini uliza kitu mbili kabla utume doo. Moja, hiyo rate ya kilo iko na ushuru ndani ama ushuru ni surprise ya mwisho? Mbili, wanapima uzito ama wanapima ukubwa? Console yenyewe na Joy-Con ni kama gramu 534, haifiki hata pakiti ya unga. Lakini box iko na dock, chaja, grip, kebo ya HDMI, na hewa mingi. Wakipima ukubwa, wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa na 5,000, na hiyo ndio inakuwa "kilo" yako. Yaani unasafirisha hewa ya Delaware kwa pesa zako. Mwambie atoe ile box ya nje ya kahawia, aache ya console pekee. Wengi wanakubali ukiuliza. Shida ni wasee huona aibu kuuliza.

Ya tatu ni cuzo wa majuu. Kila mbogi iko na cuzo. Anakam December, ako na suitcase mbili, moja ni ya viatu na perfume za mathee wake. Hapo ukiingiza Switch 2 umeomoka. Lakini heshimu huyo msee. Usimtumie list ya vitu saba. Usimwambie "nitakulipa ukifika". Tuma doo kwanza, full, na ya lunch juu. Na umshow akae na receipt, juu customs JKIA wako na rule ya mzigo wa abiria. Mnakumbuka 2023 KRA wakikumbusha watu ile limit ya dola 500 vile intaneti iliwaka? Hizo limit hubadilishwa, so acheki ya mwaka anasafiri, asitegemee story ya shemeji. Na console isafiri kwa bag ya mkono, ikiwa imezimwa kabisa. Powerbank ndio haikubaliwi kwa suitcase ya chini hata ukilia, hiyo ni sheria ya ndege zote.

Sasa ngoja nikushow mtego mtamu kuliko yote. Japani.

Utaingia online upate Switch 2 yenye ilitoka huko na yen 49,980. Unapiga hesabu, wakati huo ilikuwa kama dola 345, kitu 45,000. Moyo unaruka. Unajiona genius, wengine wote mtaa ni mafala. Shika breki! Hiyo ni ile ya Wajapani pekee. Nintendo waliitengeneza makusudi hivyo, juu yen ilikuwa imelala na hawakutaka watu wa nje wakuje wabebe zote. Lugha ya system ni Kijapani, basi. Huwezi badilisha. Na inakubali account ya Japani peke yake. Yaani ile account yako ya miaka yote, na games zako zote, haiingii. Iko ingine ya lugha zote ilikuwa yen 69,980, na hiyo ilipitia duka ya Nintendo yenyewe. Tofauti ya elfu ishirini ya yen ndio bei ya kuelewa menu. Sasa kuna wasee hapa Kanairo wanauza ile ya Kijapani na bei ya ile ingine. Anakuwashia, unaona picha ya Mario, unachanganyikiwa na furaha, unalipa. Ukifika keja unataka kubadilisha wifi unapata vijisanduku na vijiti. Kwa stall, kabla mkono uguse mfuko, ingia settings, tafuta lugha, ibadilishe hadi Kiingereza na irudi. Ikikataa, mwachie yake.

Kama uko na choice, mimi nakushow bila kusita: tafuta box ya Uingereza ama ya Dubai. Wasee wote hukimbilia Marekani juu ya bei, na Uingereza ilitoka pauni 395.99, ambayo kwa shilingi inakaa kubwa. Lakini cheki ukuta wako. Ile soketi ya pini tatu za mraba ni ya Waingereza, walituachia. Dubai nao wako na hiyo hiyo. Box ya huko inakam na chaja inaingia kwa ukuta yako kama imezaliwa hapo. Hakuna adapter, hakuna drama, hakuna moshi. Deira kuna wasee wetu wanapiga hiyo biashara kila wiki, na wengi wanaelewa hii kitu kuliko wale wa hapa town.

Na sasa tumefika kwa stima, na hapa ndio nataka tukae.

Kuna kitu naona kwa keja za watu mpaka naskia vibaya. Msee ameletewa box ya Ujerumani. Chaja ni pini mbili za duara. Soketi yetu imefungwa ndani na vile vipazia vya usalama, havifunguki mpaka pini ya juu, ile ya earth, iingie kwanza. So jamaa anatafuta biro. Anachomoa kifuniko cha Bic, anakichokora kwa ile shimo ya juu mpaka vipazia vinashuka, anashikilia hapo na kidole gumba, na mkono ule mwingine anasukuma chaja. Krrr. Inaingia kwa nguvu, inasimama kombo. Anatoa biro anatabasamu. Ukigusa kebo, alama ya chaji kwa skrini inapotea. Ukiiachilia, inarudi. Weka sikio karibu na ukuta utaskia kitu inalia tss tss ndani. Hiyo ni cheche, morio. Pini haijashika vizuri, stima inaruka kwa hewa. Plastiki ya soketi inaanza kuwa brown pembeni, na kwa hiyo brown ndio umening'iniza kitu ya soo thao.

Wa box ya Marekani ama Japani hawawezi hata jaribu hiyo ufala. Zile pini zao bapa zimekaribiana sana, hazifikii mashimo yetu. So wanaenda kununua ka-adapter ka mashimo yote. Hako ka-adapter ka rwabe, kanaingiza plug ya kila nchi mpaka ya mwezi. Tatizo yake ni moja: plug ya kiingereza ya ukweli iko na fuse ndani, na hako ka-adapter mara nyingi hakana. Kitu ikienda mrama hakuna kitu ya kukatika mapema. Buy yenye iko na fuse. Inaandikwa hapo kwa mgongo, 3A, 5A ama 13A, na kuna ka-mlango unaweza fungua ukaiona. Kama muuzaji hajui fuse ni nini, songa stall inayofuata.

Alafu fathe ataingia hapo. "Hiyo ni ya Amerika, itafute transformer, itaungua." Juu yeye zamani alikuwa na redio ya 110 volt, akaichomeka kwa ukuta wa 240, ikatoa moshi, na hiyo story tumesikia kila Krismasi. Mzae, tulia. Geuza chaja ya Switch 2 usome maandishi madogo ya chini. INPUT: 100-240V. Inajipanga yenyewe, iwe Osaka ama Kayole. Adapter unayonunua inabadilisha umbo la pini tu, na hiyo inatosha. Yule anakuuzia transformer ya thao nne pamoja na console anakula doo yako mchana.

Watt sasa. Chaja ya kwa box ni ya watt 60. Hii namba ishike, juu ndio inaamua kama utacheza kwa TV. Dock, ile stand ya kuunganisha console na TV, haitaki mchezo. Ukiichomekea chaja ya simu, haikupi picha. Hata ile chaja ya Switch ya kwanza, itachaji hii mpya ukiishika mkononi, lakini kwa dock inakataa. So kuna msee alikuja sherehe na dock, HDMI, Joy-Con nne, na chaja ya Tecno... buda. Watu ishirini wanaangalia TV ya blue. Ile aibu ilikuwa ya kutosha mbogi yote. Chaja ndio console. Ukisahau chaja umebeba tray.

Ukipoteza ya original, tafuta USB-C ya Power Delivery yenye inaandika 20V na 3A kwa list yake. Hizo chaja za GaN za watt 65 ziko fiti na zinachaji hadi laptop. Lakini zile za kwa meza ya barabara, "65W Super Fast" na bei ya soo tatu, shika moja kwa mkono. Ni nyepesi kama box ya kiberiti. Watt 65 haitoki kwa hewa, lazima ndani kuwe na mavitu. Na kumbuka 2018: Switch ya kwanza ilipata update ya 5.0, na watu walikuwa wamechomeka dock za kampuni ingine, Nyko, wakaamka console imekufa. Hiyo ilikuwa Marekani, na receipt mkononi. Sisi hapa warranty ilibaki dukani ng'ambo. Ikiungua, imeungua yako.

Battery ni 5,220mAh, karibu watt-hour 20. Nintendo wanasema inaenda masaa 2 hadi 6.5, kulingana na game. Mario Kart World ama Cyberpunk iko karibu na hiyo 2. Ka-game ka uncle ndio kanaenda 6.5. Kujaza ni kama masaa 3 ikiwa imelala. Sasa piga hesabu na mimi: watt-hour 20 ikiisha kwa masaa 2, inamaanisha inakunywa watt 10 ukiwa unacheza. Ile USB ya nganya, yenye imewekewa taa ya blue kando ya kiti, inatoa watt 5, ikijaribu sana 10. So unacheza kutoka Githurai, umechomeka, unajiona boss, na percent inashuka tu, 40, 36, 31, na jam ya Thika Road hata haijaanza. Powerbank ya zamani ni hivyo hivyo. Beba yenye imeandikwa PD, watt 30 kwenda juu. Ya 20,000mAh iko na watt-hour 74 hivi. Toa ile inapotea kwa joto, inakupatia full charge mbili na nusu ama karibu tatu. Na hapa Switch 2 imekuwa smart, iko na mashimo mawili ya USB-C, moja chini na moja juu. Ukisimamisha kwa meza unachomeka ya juu, kebo inakaa fiti. Ile ya kwanza ilikuwa na shimo ya chini pekee, ulikuwa unachaji ukiwa umelaza kitu kifudifudi.

Kwa mat, kaa mbali na dirisha. Hiyo sio siri. Pale Globe, ama ukikaribia Muthurwa, mkono unaingia kwa dirisha kama umealikwa. Skrini ya inchi 7.9 inang'aa mpaka barabara ya pili. Na tafadhali, earphones. Hakuna kitu inanukisha ushamba kama msee wa sauti full kwa kiti ya nyuma, watu wametoka job wamechoka, na anawachezea "Yahoo!" ya Mario.

Mathee sasa na token. Hii ndio vita ya kila keja. "Hiyo mashine yako inamaliza stima!" Umenunua token ya mia tano Jumatatu, Alhamisi meter inalia, na kesi ni ya nani? Yako. Nimechoka na hii kesi, so mpelekee hesabu. Kuijaza kutoka zero hadi full, na ile inapotea kwa chaja, haizidi unit 0.03. Unit moja ukiweka na makodi yake iko kwa thelathini hivi. Hiyo ni shilingi moja ama chini. Bob moja! Peremende. Kettle ya mathee ni watt 2,000, na ikichemsha lita moja na nusu ya chai imekula kama unit 0.15. Charge tano zako zimeisha kwa thermos moja, na kuna thermos ya asubuhi, ya saa nne, na ya wageni. Pasi usiniulize. Sisemi umwambie na mdomo hivyo, sitaki damu. Mwandikie kwa karatasi uiweke karibu na meter.

Stima nayo ikipotea, chomoa. Usiache chaja kwa ukuta eti itarudi saa hii. Tangu ile blackout ya nchi nzima ya Agosti 2023, mpaka JKIA ikawa giza, kila msee anajua KPLC wanaweza potea warudi na hasira. Ikirudi huwa inaruka juu kwanza, na hiyo kuruka ndio inaua vitu. TV guard ya thao mbili hivi inangoja stima itulie ndio inafungulia. Dock na TV zikae hapo. Na ingia settings uwashe ile ya kusimamisha chaji kwa 90% kama hukai nayo nje sana, battery inazeeka pole pole. Ukiiweka kabatini, ichaji angalau mara moja kila miezi sita, la sivyo inaweza kataa kuamka kabisa.

Memory card itakuuma, sitakudanganya. Ile microSD yako ya simu haikubaliki kwa games. Switch 2 inataka microSD Express pekee, na ilipotoka ya 256GB ilikuwa kama dola 60. Angalia kwa card yenyewe, lazima iandike EX. Jamaa wa stall atakuambia "zote ni sawa". Hazifanani hata kidogo. Ndani ya console kuna GB 256, so vumilia kwanza na hizo. Na ucheki box ya game kabla ulipe. Kuna zile wameita game-key card: umenunua card, unaichomeka, kumbe ndani kuna ufunguo tu, game yote unashusha na intaneti. Street Fighter 6 iko hivyo, na ni karibu GB 50. Kwa bundles hiyo ni rent. Cyberpunk wao walijituma, game yote iko kwa card ya GB 64. Mario Kart World pia iko kwa card. Heshima kwao, hao wanaelewa kuna watu hawana fibre.

Account nayo, Kenya haiko kwa list ya eShop, ile duka ya Nintendo ya online. Wasee huweka region ya Marekani, wananunua gift card za dola, maisha inaendelea. Lakini usihame region ukiwa na balance imebaki, haitakuruhusu. Maliza zile dola kwanza.

Ukienda second-hand, fungua macho mbili na ya tatu. Nintendo walianza kufungia Switch 2 online mwezi ule ule ilitoka, wakishika watu wametumia flash card za MIG, zile za kuchezea games za kukopi. Console inawaka vizuri, games za card zinacheza, Joy-Con ziko fiti, na haingii online. Hizo ndio zinauzwa "naenda majuu, nauza haraka". Mpatie hotspot ya simu yako hapo hapo, mguse eShop, mngoje ifunguke mpaka bei za games zionekane. Alafu mwitishe chaja ya original, igeuze, usome kama imeandikwa watt 60 zake, ichomeke kwa dock mbele yako, na TV ishike picha. Akisema chaja ilibaki kwa dem wake, mwambie mtapatana siku ataichukua.